Mkuu, usikate kona Ipogolo kabla hujapiga simu Mahenge ya Kitonga

Mleta uzi, umesema unapakia parachichi Njombe kwenda Dar, Fuso limefungwa GPS, na "mfumo ukionyesha Kitonga nyekundu dereva anapitia Dodoma". Halafu unauliza kifaa gani kizuri, malipo ya mwezi yakoje na gari litoke saa ngapi. Weka hayo pembeni. Hapo kwenye Dodoma, yaani kukata kona Ipogolo (njia panda ya Iringa mjini) kukwepa mteremko wa Kitonga, ndipo utakapolia.

Mimi nimelia hapo hapo. Gari limeshavuka Mafinga, nami nimekaa Makambako na simu mkononi, najiona meneja wa bandari. Kitonga nyekundu ya kukolea, lori limelala kwenye kona. Nikampigia dereva: panda Iringa mjini, shika ya Mtera. Akasema, "Bosi, si tuulizie kwanza?" Nikamjibu mfumo hauulizii, unaona. Mpaka leo ananirudishia maneno hayo kila nikichelewesha mshahara.

Iringa hadi Morogoro kwa kushuka Kitonga ni kama kilomita 300. Kwa kuzunguka Mtera na Dodoma ni zaidi ya 500. Dizeli juu, posho juu, na parachichi liko chini ya turubai linapikwa na jua la Mtera. Gari langu linaingia Dodoma, kumbe winchi ilishaliondoa lile lori kitambo, na waliosubiri Ilula, kabla ya Kitonga, wameshapita Mikumi. Mnunuzi Dar akabonyeza tunda moja kwa dole gumba, akabonyeza la pili, akajifuta mkono kwenye suruali, kisha akanitajia bei ya nyanya masalo.

Aliyeniuzia mfumo, kijana wa shati jeupe, aliniapia kwamba "unasoma barabara yenyewe". Unasoma nini! Rangi zile zinatokana na mwendo wa simu za watu walioko njiani. Zinakwambia magari yanatembea au yamesimama, basi. Hazijui kama winchi imefika, wala kama askari wameanza kuruhusu upande mmoja mmoja. Mwaka 2020 msanii Simon Weckert alitoa video ya Berlin: amejaza simu 99 kwenye kitoroli, anakivuta taratibu, na mtaa mtupu unakuwa mwekundu kwenye Google Maps. Tena muda unaokadiriwa ni wa gari dogo, si Fuso lenye mzigo linaloshuka Kitonga kwa gia nzito.

Kijana akaongeza, eti mfumo ni "kama Ulaya". Kwenye barabara kuu ya M25 inayozunguka London, tangu 1995, nyaya zilizofukiwa chini ya lami zinahesabu magari, na vibao vya juu vinashusha kikomo cha mwendo kabla foleni haijakaza. Kitonga kilichofukiwa ni mawe. Nilipomtafuta kijana nimdai changu, hapatikani. Hiyo GPS angejifunga yeye.

Kwa hiyo gari halifiki Ipogolo kabla hujaongea na mtu aliyesimama Mahenge, au kondakta wa basi lililotoka kupandisha sasa hivi. Muulize pameziba pande zote au upande mmoja, na winchi iko wapi. Ikiwa imeshafika, paki Ilula, dereva ale. Na umpigie wewe, usimwachie dereva anayeendesha.

Pale Mahenge kuna fundi matairi ambaye simu yake haizimwi, njoo PM nikupe namba. Ila usimwambie nimekutuma mimi, ananidai hela ya tairi.