Usizidishe kila namba unayoiona, mi nilifika trilioni

Juzi usiku huku Uyole baridi la Mbeya limebana kweli kweli, tumelizunguka jiko la mkaa tunasubiri viazi viive, mara mtoto wa dada kaja na daftari. Anko, namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 1 mpaka 15 bila baki ni ipi? Nikamwambia si unazizidisha zote tu, nikachukua simu nikabonyeza weee ikaja 1,307,674,368,000. Trilioni na ushee! Dogo akaniangalia, akasema mwalimu kawaambia jibu lina tarakimu sita.

Sasa nyie mnaosaidia watoto homuweki, swali kama hilo ni kigawe kidogo cha shirika kile kile cha shule ya msingi, msikurupuke. Mi kosa langu nilirundika vitu ambavyo vimeshaingia, maana ukishaweka 8 basi 2 na 4 zimo humo humo, ukiweka 9 basi 3 imo, na 12 haina jipya maana ni 4 mara 3. Chukua kila namba tasa, ipandishe kipeo mpaka pale isipovuka 15: 8 (2 kipeo cha 3), 9 (3 kipeo cha 2), 5, 7, 11, 13. Zidisha hizo tu. Unapata 360,360.

Na hiyo namba tamu jamani. 8×9×5 ni 360, halafu 7×11×13 ni 1,001, ndo maana 360 imejirudia. Yani andika namba yoyote ya tarakimu tatu mara mbili, mfano 425,425, lazima igawanyike kwa 7, kwa 11 na kwa 13, hata simu huihitaji. Vigawo vyake, yani namba zinazoigawa bila baki, ni vingapi? Kila kipeo ongeza moja kisha zidisha, 4×3×2×2×2×2, vinakuja 192. Nilitaka niviandike vyote nikaishia njiani, viazi vilikuwa vinaungua.

Ila kuna mtego. Dogo akagundua 11×12×13×14×15 nayo inaleta 360,360 ile ile, akashangilia kwamba kapata njia ya mkato. Nikamwambia jaribu kwa 1 mpaka 10. Akazidisha 6×7×8×9×10 akapata 30,240, wakati jibu ni 2,520. Kwa hiyo ikitokea mara moja usiifanye kanuni, jaribu na namba nyingine kwanza.

Tangu hapo kikoba chetu nakidai mgao wa 360,360, maana tukiwa 13 kila mtu 27,720, wakija 11 ni 32,760, tukifika 14 ni 25,740, hakuna wa kubishania chenji. Mweka hazina ananiona mwehu. Na akiongezeka wa 16 inabidi iwe 720,720, hapo ndo sijui tutaitoa wapi.