Miwani ya VR ina sauti, kioo kiko giza

SWALI: Miwani yangu ya uhalisia pepe, ile isiyohitaji kompyuta, ilikaa kabatini wiki kadhaa. Sasa nikiiwasha taa inawaka na sauti nasikia, ila kioo ni cheusi tii. Fundi anataka kuifungua abadilishe kioo. Nimruhusu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usimruhusu bado. Sauti ikisikika, ujue bodi inafanya kazi. Mara nyingi kinachozima picha ni kihisi kidogo kilichomo ndani, kati ya lenzi mbili, juu ya pua. Kihisi hicho kisipoona uso huzima kioo ili kuokoa betri, na vumbi au jasho lililoganda hukipofusha. Kifute kwa kitambaa kikavu cha kusafishia miwani. Kisha, bila kuivaa, kizibe kwa kidole uchungulie kwenye lenzi. Mwanga ukitokea, mchawi umempata.

Giza likibaki, chaji. Betri iliyokaa muda mrefu huweza kuwasha taa lakini ikashindwa kubeba kioo. Tumia chaja ya ukutani. Ya Quest 2, miwani ya kampuni ya Meta, kwa mfano, ni ya wati 10 na huijaza kwa takriban saa mbili na nusu. Tundu la kawaida la USB la kompyuta hutoa wati 2.5 hadi 4.5 tu. Iache angalau nusu saa kabla ya kujaribu tena.

Halafu izime kabisa. Kubonyeza kitufe cha kuwasha mara moja huilaza tu, kwa hiyo kishikilie hadi sekunde 30, taa izimike, ndipo uiwashe upya.

Kipimo tunachokiamini kuliko vyote ni hiki: ikiwa imezimwa, shikilia kwa pamoja kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti. Kwenye Quest 2 itakuja menyu ya maandishi. Ukiiona, kioo ni kizima na ugonjwa uko kwenye programu; chagua kwanza kuiwasha kawaida. Kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani kuwe hatua ya mwisho, kwani hufuta kila kitu kilichomo. Michezo uliyonunua utaipakua tena kwa akaunti yako, lakini hatua ulizofikia ambazo hazikuhifadhiwa mtandaoni zitapotea.

Menyu isipoonekana, ziba kihisi na urushe picha kwenye simu kupitia programu ya Meta Horizon. Simu ikionyesha picha wakati lenzi ni giza, kioo au utepe wake wa waya ndio mbovu. Hapo fundi ana kazi, ila kama waranti haijaisha, anza na aliyekuuzia.

Tena, usiihifadhi dirishani. Lenzi hukusanya jua na kuunguza kioo, na doa hilo halitoki.

SWALI: Yangu ni ya waya. Kompyuta inaitambua, lakini haionyeshi picha. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Tazama waya wa HDMI au DisplayPort umechomekwa wapi. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki huwa na matundu ya picha sehemu mbili: ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), karibu na matundu ya USB, na ya kadi, chini yake. Chomeka kwenye kadi. USB hupitisha taarifa za vihisi, ndiyo maana kompyuta inaitambua hata picha isipofika. Kama miwani ina kisanduku cha kuunganishia, chomoa umeme wake, subiri sekunde kumi, urudishe, kisha uanzishe upya SteamVR, programu ya kompyuta inayoendesha miwani, kama ndiyo unayotumia.