Huduma ya magereza: anzeni na siku ya kutoka

Mkuu, umeuliza kikundi chenu cha kanisa chenye watu 12 kianzie wapi kuhudumia wafungwa hapa Tanzania. Kuingia gerezani si kugumu kiasi hicho. Vikundi vingi huingia, huhubiri, hugawa sabuni, kisha huonekana tena Pasaka ijayo. Kinachokosa watu ni kumpokea mfungwa anapotoka, na kazi hiyo huanza yeye akiwa bado ndani.

Andikeni barua yenye muhuri wa kanisa kwa mkuu wa gereza, na nakala kwa mkuu wa magereza wa mkoa. Itaje majina, namba za vitambulisho, siku, saa na kila kitu mtakachobeba. Msiende wote 12. Watu sita wanatosha, mradi wawe walewale kila safari, kwa sababu mfungwa hafungui moyo kwa sura mpya kila mwezi. Nendeni asubuhi, jioni wafungwa huhesabiwa na kufungiwa mapema. Simu na fedha ziachwe nje. Mfungwa akikupa kikaratasi umpelekee ndugu yake, usikipokee hata kama kinakuuma moyo; mwambie mtaliomba jambo hilo kwa afande. Kikaratasi kimoja kikikamatwa, mlango unafungwa kwa kikundi kizima.

Kabla ya kununua sabuni, ulizeni idadi ya waliomo wiki hiyo, mahabusu wakiwemo. Mche mmoja ukikatwa vipande vinne, watu 400 wanahitaji miche 100. Ongezeni kumi ya akiba, maana ikipungua wanaokosa ni wagonjwa na wafungwa wapya. Upande wa wanawake pelekeni pedi, na nepi kwa waliofungwa na watoto wachanga.

Jambo moja la sheria linawaumiza wengi. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 10 za kutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha sababu zake, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Vyote anaweza kuvipitisha kwa mkuu wa gereza. Wengi hawajui, siku zinapita, kisha wanaanza kuomba kuongezewa muda. Mkikutana na mfungwa mpya, muulizeni hilo kabla ya kufungua Biblia, halafu mwunganisheni na msaidizi wa kisheria. Msimwandikie rufaa wenyewe.

Sasa kutoka. Kwa kawaida mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo wa miaka 3 mtarajieni baada ya miaka 2. Tena msamaha wa Rais, ambao mara nyingi hutolewa 26 Aprili au 9 Desemba, unaweza kumtoa ghafla. Anzeni maandalizi miezi 6 kabla.

Cha kwanza ni nyumbani. Wawili wenu waende kwa familia, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Kama kosa lilimuumiza jirani, mzee anayeheshimika aende kuzungumza naye mapema. Msimpeleke mtu usiku kwenye mtaa ambao bado una hasira naye. Ni heri akae kwanza kwa shangazi au mjomba wilaya nyingine. Mara nyingine mke ameshaolewa kwingine au shamba limeuzwa. Habari hizo azisikie akiwa ndani, mkiwa naye, asizikute mlangoni.

Cha pili ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Bila hiyo hasajili laini ya simu, na bila laini hapokei hata nauli. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa iombeni kwenye safari ileile ya kwa mwenyekiti.

Kuhusu mtaji, msimpe fedha mkononi. Madeni ya zamani na ndugu wenye shida humfikia kabla hajafika sokoni. Kama alijifunza uashi ndani, mnunulieni mwiko, timazi, pima maji na kamba. Kama ni useremala, randa, msumeno na patasi. Andikishaneni kuwa vifaa ni mali ya kikundi kwa miezi 6, ndipo viwe vyake. Hapo hata akibanwa ana neno la kusema: si vyangu, siwezi kuviuza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti. Mlipieni ada, kwa sababu fundi mwenye cheti haulizwi sana alikuwa wapi.

Wiki mbili za kwanza mtu mmoja, yuleyule, ampigie kila siku jioni. Baadaye mara mbili kwa wiki mpaka mwezi wa tatu. Asipopokea siku mbili mfululizo, msingoje ibada ya Jumapili. Nendeni nyumbani kwake.