Kotisoli yangu iko juu: ni mawazo au ni vidonge?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 34. Nilikuwa nachoka sana na usingizi sipati, nikaenda kupima damu saa mbili asubuhi. Kotisoli, ile homoni ya msongo, ikasoma nanomoli 940 kwa lita, na karatasi inaonyesha mwisho ni 690. Nikaambiwa nina msongo wa mawazo uliopitiliza, nipunguze kazi. Mume wangu tunabeba naye mzigo uleule wa ada na ujenzi, naye alipima akakutwa sawa. Anasema wanawake ndivyo mlivyoumbwa. Natumia vidonge vya majira tangu nilipomwachisha mtoto ziwa. Je, ni kweli mwili wetu unatoa homoni hii kuliko wa wanaume?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Habari ya vidonge umeiweka karibu na mwisho. Mimi ndiyo ningeanza nayo, na inaniuma kwamba aliyekupima hakukuuliza.

Vidonge vingi vya majira vina estrojeni, homoni ya uzazi ya kike. Estrojeni ya kumeza hupita kwanza kwenye ini, na ini nalo huanza kutengeneza kwa wingi protini inayobeba kotisoli katika damu. Zaidi ya asilimia 90 ya kotisoli husafiri ikiwa imeshikwa na protini. Ile kidogo iliyo huru ndiyo inayoingia kwenye seli na kufanya kazi. Ni kama daladala: magari yakiongezwa, abiria waliopanda wanakuwa wengi, lakini wanaotembea kwa miguu wanabaki karibu walewale. Kipimo ulichofanyiwa huhesabu wote kwa pamoja. Kwa hiyo 940 kwa mama anayemeza vidonge hivyo hainishtui hata kidogo.

Sasa mume wako. Angekuwa anazungumzia panya wa maabara, ningekubaliana naye. Panya jike akitishwa hutoa homoni ya msongo nyingi kuliko dume. Akiondolewa ovari, inapungua. Akipewa estrojeni, inapanda tena. Dume akihasiwa, homoni hiyo ya msongo hupanda, na testosteroni, homoni ya kiume, huirudisha chini. Homoni za uzazi zinaufikia ubongo unaoziamrisha tezi za adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo, na zinazifikia tezi zenyewe pia.

Kwa binadamu mambo hayakwenda hivyo. Huko Trier, Ujerumani, Clemens Kirschbaum na wenzake walitangaza mwaka 1993 jaribio ambalo hadi leo linatumika: mtu anahutubia mbele ya watu wasiomtabasamia, kisha anatoa 13 kutoka 1,022 kwa sauti, anaendelea kutoa, na akikosea anaanza upya. Wakapima mate, maana kwenye mate kuna kotisoli huru tu. Mwaka 1999 wakaonyesha kwamba kotisoli ya wanaume ilipanda kuliko ya wanawake waliokuwa nusu ya kwanza ya mzunguko wa hedhi, na kuliko ya waliotumia vidonge. Wanawake waliokuwa nusu ya pili, baada ya yai kutoka, walikaribiana na wanaume. Msomee mzee hapo nyumbani aya hii, taratibu.

Vidonge usiviache leo usiku ukabaki bila kinga. Zungumza na daktari wako mchague: ama usimamishe kwa wiki 6 hivi mkitumia kondomu, kisha damu ipimwe upya, ama, kama maabara inaweza, upimwe mate ya saa tano au saa sita usiku, wakati kotisoli ya mtu mzima wa afya inapokuwa chini kabisa. Ukipenda kuhamia kijiti, hicho hakina estrojeni.

Lakini ukiona michirizi mipana ya zambarau tumboni, ngozi inavilia damu kwa kuguswa kidogo, au mapaja yanakosa nguvu hata kuinuka kwenye kiti ni shida, usisubiri wiki hizo. Hapo kotisoli inaweza kuwa imezidi kweli, na ugonjwa huo huwapata wanawake zaidi ya wanaume.

Uchovu wako nauamini kabisa. Omba wapime wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu kwa mama wa umri wako huko ndiko ningetafuta kwanza. Na siku ya kwenda, beba pakiti ya vidonge mkononi, umwombe fundi wa maabara aandike jina la vidonge hivyo kwenye fomu kabla hajakuchoma sindano.