Re: Utando umejaa mfuko mzima lakini uyoga hautoki, eti mbegu ni dume?

Kamwene mkuu wa Mafinga. Jirani yako anayesema mbegu yako ni dume kakaribia, ila uyoga hauna dume wala jike. Jibu liko kwenye ile sentensi uliyoipitia haraka: ulikoroga vumbi la mamama (uyoga chaza, oyster), yaani spora zake, kwenye maji, ukamwaga kwenye agari (jeli ya kuoteshea), kisha ukachagua kidoa kimoja kisafi kuliko vyote na kukizalisha kwenye mtama. Kidoa kimoja namna hiyo kwa kawaida ni spora moja, na spora moja ya mamama haizai.

Mimi naotesha mamama hapa Kihesa na mbegu najitengenezea, kwa hiyo nivumilie nieleze kirefu.

Spora ya mamama ina viini (sehemu ya seli inayobeba vinasaba) vya upande mmoja tu. Ikiota inatoa utando mweupe wa nyuzi nyembamba, unatembea kwenye magunzi, unakula na kujaza mfuko, huwezi kuutilia shaka kwa macho. Lakini kwa kawaida hautoi uyoga mpaka uungane na utando wa spora nyingine inayopatana nao, viini vya pande zote mbili vikae pamoja ndani ya kila seli bila kuyeyukiana. Vinakuja kuungana baadaye kabisa, kwenye zile pindo za chini ya kofia, kabla tu ya kutengeneza spora mpya.

Nani anapatana na nani? Kuna sehemu mbili za vinasaba, A na B, na lazima tando mbili zitofautiane kwenye zote mbili. Spora za uyoga mmoja zinagawanyika makundi manne, kwa hiyo ukiokota mbili bila kuchagua, nafasi ya kupatana ni 1 kati ya 4. Ukichukua kutoka uyoga mbili zisizo na undugu nafasi inapanda sana, maana aina za A na B ni nyingi mno. Kile kiuyoga kidogo cha kijivu kinachoota kama vipepeo kwenye magogo makavu, Schizophyllum commune, kina aina za kuoana zaidi ya 20,000, ukichanganya A na B. Sisi binadamu tuna mbili na bado tunahangaika.

Sehemu ya B ndiyo yenye feromoni, yaani kemikali ya kupeana ishara. Hili limechunguzwa sana kwenye hamira ya mkate, ndugu wa zile zinazogeuza togwa ya mlanzi (maji matamu ya mwanzi) kuwa mkangafu (pombe kali). Hamira zina aina mbili, a na alfa. Ya alfa inatoa kipande cha protini chenye asidi amino 13. Ile ya aina a ina kipokezi cha kukinasa, nayo inatoa chake chenye asidi amino 12 kilichobandikwa mafuta. Hakuna inayonasa cha kwake. Ikishanasa cha mwenzake inaacha kugawanyika, inarefuka kuelekea kule feromoni inakotoka kwa wingi, mpaka zinagusana na kuungana.

Kwenye uyoga wetu ni tofauti, na hapa wengi wanachanganya. Nyuzi za uyoga haziitani kwa mbali. Zikikutana zinaungana tu, zinazopatana na zisizopatana. Feromoni inafanya kazi baada ya hapo. Kama B zinatofautiana, feromoni ya mmoja inakaa kwenye kipokezi cha mwingine, na viini vinaruhusiwa kuhama, kupenya ukuta hadi ukuta, kuingia kwenye utando wa mwenzake. B zikifanana, viini vinabaki pale pale. A ndiyo inasimamia viini viwili vigawanyike kwa pamoja.

Namna ya kuthibitisha: omba hadubini kwenye maabara ya shule au chuo chochote. Utando uliokwisha kuoana una kijidaraja kidogo kimejikunja ubavuni kwenye viungo vya nyuzi. Ukitafuta sana usikione, una upande mmoja. Dalili nyingine ni utando mwembamba unaokwenda polepole, ila hiyo usiitegemee sana msimu huu wa baridi, kwa huku kwetu hata mbegu nzuri inazubaa.

Kabla ya yote hakikisha umefungua mifuko, ina hewa, mwanga kidogo na unyevu. Na kama ulitumia maranda mabichi ya misindano ya Sao Hill, utomvu wake nao ni tatizo, ingawa hapo hata utando ungesuasua.

Mbegu inayofuata usichukue spora. Pasua uyoga mchanga wenye afya, kata kipande cha nyama ya ndani isiyoguswa na hewa, weka kwenye agari. Pale viini viwili viko tayari, na utapata uyoga ule ule uliokata. Spora ni za mtu anayetafuta aina mpya. Halafu asije mtu kusema uyoga wa kitufe unazaa kwa spora moja: ni kweli, kwa sababu spora zake nyingi zinabeba viini viwili vinavyopatana tangu mwanzo. Mamama si hivyo.

Mifuko uliyonayo usiitupe yote. Utando uliokwisha kuoana unaweza kuugawia kiini utando wa upande mmoja, hilo linajulikana tangu miaka ya 1930. Vunja mmoja au miwili kwa mikono safi, changanya na mbegu nzuri, funga tena. Mingine iliyobaki wape kuku wachakure au itie kwenye mboji.