Nguo za marehemu zisubiri, anzeni na karatasi

Matanga yakishaanuliwa, ndugu wengi hukimbilia kabati la nguo. Nguo hazina haraka. Kinachopotea upesi ni karatasi.

Tangu siku ya msiba chumba kifungwe, ufunguo akae nao mtu anayeaminiwa na pande zote. Mkianza kazi ingieni wawili au watatu, mmoja ashike daftari; kila kinachoonekana kiandikwe palepale, na wote watie saini. Ugomvi wa mirathi mara nyingi huanza na redio au doti ya kanga iliyotoka kimyakimya, nyumba hufuata baadaye.

Tafuteni kitambulisho, hati ya kiwanja au karatasi za mauziano, kadi ya pikipiki, kadi ya benki, daftari la kikoba, barua za mfuko wa pensheni. Wazee wetu hawaweki hivi kwenye faili. Funueni Msahafu au Biblia ukurasa kwa ukurasa, pekueni chini ya godoro, ndani ya foronya, kwenye makopo ya jikoni, pindo la gauni na kila mfuko wa koti. Kikaratasi chenye jina na "80,000" huenda ni deni, lake au la mwenzake. Msikitupe.

Simu iwe na chaji, laini isitolewe, maana wanaomdai na anaowadai watapiga. Pesa iliyomo msiitoe hata kama namba ya siri mnaijua. Ni mali ya mirathi. Hapa Tanzania, msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hupeleka orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Daftari lile ndilo litamwokoa.

Dawa zilizobaki zirudisheni hospitali, asipewe jirani.

Nguo sasa. Saa mbili kwa siku zinatosha, zaidi ya hapo mtu huanza kutupa ovyo ili amalize. Gaweni mafungu matatu: za kubaki, za kutoa, na "bado". Fungu la "bado" msilionee haya, na mjane aliye edani asisukumwe. Za kuhifadhi zianikwe juani, zifungwe kwenye shuka la pamba. Kwenye nailoni zikiwa na unyevu hata kidogo huota ukungu.

Ila kabla hamjafua chochote, waulizeni mjane na watoto. Shati alilovaa mwisho, kola bado ina harufu yake, likifuliwa harufu hiyo hairudi. Likiwa kavu, likunjeni peke yake, apewe anayelitaka.