Injini ya kukodi au kuendelea na yetu?

Umeuliza kama studio yenu ya watu sita iachane na injini yake, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, na kuchukua leseni ya injini ya nje kwa gemu zijazo. Ndugu yangu, chukueni. Hata CD Projekt Red, studio kubwa ya gemu ya Poland yenye injini yake yenyewe, ilitangaza Machi 2022 kwamba inahamia Unreal Engine 5, injini ya kukodi ya kampuni ya Epic Games. Kutunza injini ni kazi isiyokwisha: kila kifaa kipya kikitoka, mnarudi kurekebisha vivuli na mwanga badala ya kutengeneza gemu.

Lakini someni mkataba kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Unreal kwa kawaida hudai mrabaha wa asilimia 5 kwa mapato ya gemu yanayozidi dola milioni 1. Unity, injini nyingine ya kukodi, nayo ilitangaza Septemba 2023 ada kwa kila gemu inaposakinishwa. Watengenezaji wakaja juu, na mwaka uliofuata ikaifuta. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, masharti kugeuka mkiwa katikati ya kazi. Ulizeni kama mtaruhusiwa kubaki na masharti ya toleo mlilojengea.

Godot, injini ya bure, haina mrabaha, ila kupeleka gemu yake kwenye konsoli (mashine za gemu kama PlayStation) kunataka kazi ya ziada.

Na aliyeandika injini yenu msimwache aondoke. Hiyo mpya ikikwama, yeye ndiye atakayejua pa kuanzia.